Kioo cha Inchi Ngapi?



Kabla hujatuma fedha zako kwa ndugu aliye ng'ambo akununulie Kindle au Kobo, yaani vile vifaa vyembamba vya kusomea vitabu visivyoumiza macho kama simu, nakuomba ufanye jambo moja dogo. Chukua rula. Chukua na kitabu unachopenda kukisoma, na kingine kinachokupasa kukisoma kwa ajili ya kazi au masomo yako. Pima upana wa maandishi katika kila kimoja. Si upana wa karatasi, bali wa maandishi yenyewe, toka herufi ya kwanza ya mstari hata ya mwisho. Andika hesabu hizo mahali, maana tutazihitaji.

Mimi sikufanya hivyo, nami nitakueleza yaliyonipata.

Miaka miwili iliyopita sisi watoto na wakwe wa mzee mmoja, mwalimu mstaafu, tulichanga fedha tumnunulie zawadi. Mzee huyu ni baba mkwe wangu. Kwake yeye siku isiyo na kusoma ni siku iliyopotea. Lakini macho yake yamepungua nguvu, tena kijana wake mmoja alikuwa amemkusanyia katika kompyuta vitabu vingi vya zamani vilivyopigwa picha ukurasa kwa ukurasa, vya sarufi, vya historia, na magazeti ya ujana wake. Mzee alikuwa hapendi kukaa mbele ya kompyuta. Basi wenzangu wakasema, "Shemeji, wewe ndiwe mtu wa makaratasi, chagua wewe." Nikachagua. Nikakiona kimoja cha inchi 6, chepesi, bei yake ya chini kuliko vyote, chaingia katika mfuko wa koti. Nikajiona nina akili sana. Kilipofika tukampelekea, tukapiga picha pamoja naye, tukala wali, tukarudi makwetu.

Miezi mitatu baadaye nikaenda kumwamkia peke yangu. Nikamkuta barazani ana kitabu cha karatasi, amekishika mbali kwa mkono ulionyooka, na uso ameugeuza kuelekea mwanga. "Shikamoo, baba." "Marahaba, mwanangu." Nikamwuliza habari za ile zawadi. Akasema, "Ipo, tena inatunzwa vizuri sana." Mama mkwe akanionyesha jinsi ilivyotunzwa: imefungwa katika kitambaa cha kutarizi, imewekwa kabatini juu ya sahani za wageni.

Mzee hakutaka kutuaibisha. Nilipomsihi aniambie kweli, alikifungua kile kifaa, akaniwekea mkononi, akasema, "Mwanangu, nikiziacha herufi kama zilivyo, sizioni. Nikizikuza, napata maneno matatu katika mstari, na nikifika mwisho wa sentensi nimekwisha sahau mwanzo wake. Na vile vitabu vya picha, hivyo ndivyo kabisa siviwezi." Sikuwa na la kujibu. Kosa halikuwa la kiwanda wala la mzee. Lilikuwa langu mimi, niliyenunua kioo pasipo kuuliza kitasomwa na nani, wala kitasomewa kitu gani.

Haya, turudi kwenye rula.

Wauzaji wanapotaja inchi hawasemi upana wala urefu wa kioo. Wanapima mshazari, yaani toka pembe hii ya juu hata pembe ya chini ya upande wa pili. Wewe uliyekaa darasani unaikumbuka pembetatu ya 3, 4 na 5. Vioo vingi vya kusomea vina umbo hilo hilo: upana ukiwa 3, urefu huwa 4, na mshazari 5. Kwa hiyo kioo cha inchi 6 kina upana wa inchi 3.6 na urefu wa inchi 4.8, yaani sentimita 9 na kidogo kwa sentimita 12 na kidogo. Cha inchi 7 kina upana wa sentimita 10.7 hivi. Cha inchi 8, sentimita 12.2. Na kile kikubwa cha inchi 10.3 kina upana wa sentimita 15.7 na urefu wa karibu 21, ndiyo kusema kinakaribiana sana na karatasi ya A4 iliyokunjwa mara moja katikati.

Hapa pana mtego uliowanasa wengi, nami nikiwamo. Toka inchi 6 hata inchi 7 mtu hudhani ameongeza kidogo tu. Walakini kioo hukua kwa upana na kwa urefu pamoja. Zidisha 6 kwa 6, utapata 36. Zidisha 7 kwa 7, utapata 49. Basi kile cha inchi 7 kina nafasi ya maandishi iliyozidi ya kile cha 6 kwa theluthi moja na zaidi. Cha inchi 8 kinakizidi kwa zaidi ya robo tatu. Na cha inchi 10.3 kina nafasi karibu mara tatu ya ile ya inchi 6. Nilipokuwa nikitazama picha za vifaa hivi katika simu, vyote vilionekana kama ndugu wa tumbo moja, huyu mrefu kidogo na huyu mfupi kidogo. Rula ingaliniambia kweli.

Labda utauliza, kwa nini basi inchi 6 imekuwa kama kipimo cha kawaida? Ni mambo ya historia. Wino wenyewe unaotumika katika vioo hivi ulianza kwa watu wa chuo cha MIT huko Marekani, walioanzisha kampuni ya E Ink mwaka 1997. Ndani ya kioo mna vidonge vidogo mno, na ndani ya vidonge mna chembe nyeusi na chembe nyeupe. Umeme ukipita, chembe za rangi moja hupanda juu na nyingine hushuka. Zikiisha kupanda hukaa, hazihitaji umeme tena mpaka ufungue ukurasa mwingine. Ndiyo sababu betri yake hudumu majuma, nasi tukiwa na shida ya umeme twaijua faida yake. Kampuni ya Sony ilitoa kifaa cha kwanza cha wino huo, kilichoitwa Librié, huko Japani mwaka 2004, nacho kilikuwa cha inchi 6. Kindle ya kwanza ya Amazon ikafuata mwezi wa Novemba 2007, nayo ya inchi 6, bei yake dola 399, ikaisha yote kwa saa tano na nusu. Toka hapo wenye viwanda wengi wakafuata njia ile ile. Ni kipimo cha riwaya ya mfukoni, na watu wale walikuwa wakisoma riwaya.

Mwaka 2009 Amazon walijaribu kikubwa, Kindle DX ya inchi 9.7, kwa dola 489, kwa ajili ya magazeti na vitabu vya masomo. Vyuo vikuu kadhaa vya Marekani, Princeton kikiwa kimojawapo, viliwapa wanafunzi wavitumie. Maandishi yalienea vizuri, lakini wanafunzi walinung'unika kwamba ni taabu kuandika maelezo pembeni ya ukurasa, na ni taabu kurukia ukurasa wa nyuma upesi. Nakueleza haya usije ukadhani ukubwa peke yake ni dawa ya kila kitu. Ilipasa kungoja miaka mingi mpaka vikaja vioo vikubwa vinavyoandikwa kwa kalamu, kama reMarkable ya Norway, Kobo Elipsa ya mwaka 2021, na Kindle Scribe ya mwaka 2022.

Sasa nifikie jambo lenyewe, ambalo ningelijua mapema nisingalipoteza fedha za watu.

Ofisini kwangu nina vitabu vya namna mbili. Kuna daftari kubwa la kuandikia majina, lenye safu kwa safu: jina la mtoto, la baba, la mama, siku ya kuzaliwa, shahidi. Daftari hilo huwezi kulikata liingie mfukoni, maana kila safu ina mahali pake, ukiipunguza hutasoma kitu. Kuna na kitabu kidogo cha sala. Maneno yale yale ya sala yaweza kupigwa chapa kwa ukubwa wowote, kurasa zikawa 100 au 300, na sala ikabaki ile ile.

Vitabu vya kifaa hiki navyo ni hivyo hivyo. Vile viitwavyo EPUB, na vile vya Kindle vinavyouzwa na Amazon, ni kama kitabu cha sala. Maandishi yake hutiririka. Ukikuza herufi, maneno yaliyokosa nafasi hushuka mstari wa chini, na kurasa huongezeka. Lakini PDF ni kama daftari langu: ukurasa umegandishwa jinsi ulivyochapwa. Ukikuza herufi, ukurasa wote hukua pamoja nazo, pembe zikatoka nje ya kioo, ikakupasa kuusukuma kwa kidole kushoto na kulia kama mtu anayetafuta sindano. Na vitabu vilivyopigwa picha, kama vile vya baba mkwe, ndivyo vigumu kuliko vyote.

Kwa hiyo swali la kwanza si "inchi ngapi?" Swali la kwanza ni "vitabu vyangu ni vya kutiririka au vya kugandishwa?" Msomaji wa riwaya na hadithi, inchi 6 yamtosha, na inchi 7 ni anasa njema. Mwanafunzi wa chuo ambaye wakufunzi wake humpa PDF za A4 kila juma, huyo akinunua inchi 6 kwa ajili ya bei amenunua mara mbili, kama nilivyofanya mimi.

Chukua zile hesabu ulizoandika. Gawa upana wa kioo unachokitaka kwa upana wa maandishi uliopima. Ukipata 1, herufi zitakuwa kama zilivyo karatasini. Ukipata robo tatu, mwenye macho mazuri atasoma pasipo taabu. Ukipata nusu, usijidanganye.

Tufanye mfano. Waraka wa kawaida wa A4 una maandishi yenye upana wa sentimita 16 hivi, nao umepigwa kwa herufi za saizi ya 12. Vifaa vingi hukuruhusu kukata zile pembe nyeupe zisizo na maandishi, basi tuseme umekwisha zikata. Katika kioo cha inchi 6 utapata sehemu 57 katika 100, na herufi yako ya 12 itakuwa kama ya saizi ya 7. Hiyo ni kama maandishi ya karatasi ile iliyokunjwa mara nane ndani ya boksi la dawa. Katika kioo cha inchi 8 utapata robo tatu, saizi ya 9. Katika kile cha inchi 10.3 utapata karibu 1 kamili. Wengine husema, "Nitakigeuza ubavu." Ni hila nzuri, kwa kuwa urefu wa kioo cha inchi 6 ni sentimita 12, nawe utapata robo tatu, lakini utaona nusu ya ukurasa au chini ya hapo kila mara, na penye jedwali au ramani utapotea.

Neno moja juu ya ukali wa herufi, maana wauzaji hulipigia sana tarumbeta. Kindle ya mwaka 2007 ilikuwa na nukta 167 katika kila inchi, na herufi zake ndogo zilikuwa na ukungu kidogo. Siku hizi vioo vingi vya inchi 6 na 7 vina nukta 300, na baadhi ya vile vikubwa vina 227. Tofauti ipo, nami nimeiona. Lakini herufi kali iliyo ndogo bado ni ndogo, na mzee wa miaka 70 hana faida na ukali asioweza kuuona.

Na hapa nataka nikae kidogo, maana sisi wasomaji wa Kiswahili tuna shida yetu wenyewe ambayo wauzaji wa huko hawaijui. Maneno yetu ni marefu. Tazama neno kama "wasingalituambia." Mwingereza hutumia maneno sita mafupi kulisema, naye aweza kuyakata mahali popote baina ya maneno hayo. Sisi ni neno moja lenye herufi 16. Wachapaji hupenda mstari uwe na herufi kati ya 45 na 75, pamoja na nafasi zake, ili jicho lisichoke. Sasa mzee anayehitaji herufi za saizi ya 18 akiwa na kioo cha inchi 6, kwa makadirio yangu atapata herufi kama 26 tu katika mstari. Weka "wasingalituambia" ndani yake, uone kinachobaki. Neno linalofuata halienei, linashuka chini, na kifaa kikitaka kunyoosha mistari pande zote mbili huyatawanya maneno kama meno ya mtoto. Kile cha inchi 10.3 kitampa mzee huyo herufi kama 47 kwa saizi ile ile ya 18. Ndipo nilipoelewa yale aliyoniambia, kwamba akifika mwisho wa sentensi amesahau mwanzo. Haukuwa usahaulifu wa uzee. (Ukiwa na kioo kidogo, ingia katika mipangilio uache mistari ianze sawa kushoto tu, itakusaidia kiasi.)

Walakini sipendi ukimbilie kikubwa kwa sababu ya maneno yangu. Kikubwa ni kizito. Kindle ya kawaida ya mwaka 2022, ya inchi 6, ina uzito wa gramu 158. Kindle Scribe ya mwaka ule ule ina gramu 433. Gramu 433 si mzigo kwa mtu, lakini jaribu kuziinua juu ya uso wako kitandani kwa nusu saa, utakiangusha puani. Tena vioo vingi vya namna hii vina bilauri nyembamba ndani yake, na kilicho kipana hupinda na kuvunjika upesi kikibanwa katika mfuko pamoja na vitabu vingine. Hata vidogo havikosi hatari. Mwaka 2010 shirika la Worldreader lilianza kuwapa wanafunzi wa Ghana Kindle za inchi 6, na vioo vingi vikavunjika mikononi mwa watoto, mpaka ikabidi kutafuta mifuko migumu ya kuvikinga. Kwa anayesafiri kwa daladala kila siku, au kwa mtoto, mimi ningechagua kidogo na kifuniko kigumu, na zile PDF angezisoma mahali pengine.

Sasa nikueleze nilivyorekebisha kosa langu, kwa kuwa njia yenyewe ni rahisi nawe waweza kuitumia kabla ya kutoa hata shilingi moja.

Kwanza tulimpeleka mzee kupimwa macho, jambo ambalo tungalilifanya kabla ya zawadi yoyote. Ikaonekana miwani yake ilikuwa ya miaka 9, na jicho moja lilikuwa limeanza mtoto wa jicho. Hakuna kioo cha inchi yoyote kiondoacho mtoto wa jicho. Akapewa miwani mpya na tarehe ya kurudi.

Kisha nikaenda duka la kutolea fotokopi na ukurasa mmoja wa kile kitabu chake cha sarufi. Nikamwambia kijana wa mashine anipunguzie ukurasa ule mara tatu, kwa kadiri ya kioo cha inchi 6, cha 8 na cha 10.3. Hesabu nilikuwa nimezifanya kwa rula kama nilivyokuambia. Akadhani nimechanganyikiwa, lakini akatoa. Nikazikata karatasi zilingane na vioo vyenyewe, nikampelekea mzee, nikamwomba azisome pale pale barazani, saa ile ile ya jioni ambayo hupenda kusoma, akiwa na miwani yake mpya. Sikumwambia ni za nini. Ya kwanza akaitazama, akairudisha. Ya pili akaisoma mistari minne, akafuta miwani. Ya tatu akaisoma hata mwisho, akageuza nyuma kutafuta ukurasa unaofuata, akaniuliza, "Na nyingine iko wapi?"

Safari hii sikumwomba mtu mchango. Nilitafuta cha inchi 10.3 kilichokwisha tumika, na hata hivyo ilinichukua miezi kadhaa kukipata fedha yake. Mzee hakishiki mkononi. Ameweka mto mapajani, na kifaa juu ya mto, na chai pembeni, mahali ambapo mama mkwe hapapendi hata kidogo. Kile cha inchi 6 tulikitoa katika kitambaa chake tukampa mjukuu aliye kidato cha tatu, msichana wa riwaya. Yeye husema kioo hicho ni kikubwa mno kwa mfuko wa sketi yake ya shule.